Mwanamke yumo kwenye uchumi siku zote. Anachokosa ni ardhi, boti na muda

Kila inapokaribia Machi 8 tunaisikia kauli ileile: mwanamke aingizwe kwenye uchumi. Nia ya wasemaji ni njema, ila wanaanzia mahali pasipostahili. Nchini Tanzania, takriban wanawake wanne katika kila watano walio katika umri wa kufanya kazi wanafanya kazi au wanaitafuta. Nchi nyingi tajiri hazijafikia kiwango hicho. Pita kijiji chochote alfajiri, utakutana na mwanamke mwenye jembe begani au ndoo kichwani. Huyo hahitaji kuingizwa popote, maana yumo tangu utotoni.

Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini jasho lote hilo linazaa kidogo. Ukosefu wa usawa wa kijinsia hauumizi uchumi kwa kuwafungia wanawake nje ya kazi peke yake. Huku kwetu unauumiza zaidi kwa kuwaacha wafanye kazi bila zana, bila haki juu ya ardhi wanayoilima, bila fedha wanayoweza kuiamulia wenyewe, na bila saa za kutosha katika siku. Hasara yake ni ngumu kuiona, kwa sababu gunia ambalo halikuvunwa halifiki kwenye mzani wa mtu yeyote.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe mambo mawili ambayo hotuba nyingi huyachanganya. Ukuaji wa uchumi ni kuongezeka kwa thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa nchini. Maendeleo ya watu ni jambo pana zaidi: watu wanaishi miaka mingapi, wamesoma kiasi gani, wana kipato gani cha kujikimu. Kipimo hicho kilianza kutumiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa mwaka 1990, kwa kazi ya mchumi wa Pakistan Mahbub ul Haq aliyeshirikiana na Amartya Sen. Mwaka 2010 kikaongezwa kipimo cha ukosefu wa usawa wa kijinsia, kinachoangalia vifo vya uzazi, uzazi wa wasichana wadogo, viti vya bunge, elimu ya sekondari na ushiriki katika kazi. Mara nyingi ukuaji na maendeleo ya watu huenda pamoja. Si mara zote, na huko mbele nitaeleza habari za nchi iliyokua kwa kasi huku ikiutumia ukosefu wa usawa wenyewe kama mtaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo uko Zanzibar, kwenye mwani.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani. Kazi yenyewe hufuata bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Maji yakishatoka, wakulima huteremka na kamba zilizofungwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo viitwavyo tai-tai, kisha huzikaza kamba hizo kati ya vigingi vilivyopigwa mchangani. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, huanikwa na kuuzwa kwa makampuni yanayousafirisha nje, ambako hutolewa utomvu wa kugandisha aiskrimu, dawa ya meno na dawa za hospitali. Wakulima wake Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na karibu wanane katika kila kumi ni wanawake. Wanaume walikuwepo mwanzoni. Bei ilipoonekana ndogo, wengi walirudi kwenye uvuvi au wakaenda kutafuta kazi za hotelini. Wanawake wakabaki, na fedha ile ndogo ikafanya mambo makubwa: sare za shule, mabati, vyumba vya kuongezea nyumba, na kwa mama mtu mzima, shilingi ya kwanza maishani ambayo hakuiomba kwa yeyote.

Sasa kuna aina mbili za mwani unaolimwa: spinosamu na kotonii. Kotonii bei yake ni kama mara mbili ya mwenzake au zaidi, kwa sababu utomvu wake ni mzito. Lakini kotonii hauvumilii joto. Kadiri miaka ilivyokwenda, maji ya kina kifupi yalipata joto, magonjwa yakaingia, na kotonii ukafa katika sehemu nyingi za Unguja. Wakulima wakabaki na spinosamu wa bei ya chini. Watafiti wa huko, akiwemo Dkt. Flower Msuya ambaye ameutumikia mwani kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba kotonii bado unaota vizuri ukiupeleka kwenye maji yenye kina cha mita mbili hadi sita, ukitumia nyavu zilizoshonwa mfano wa mrija. Kitaalamu, jawabu lilishapatikana.

Lakini kwenye mita sita hufiki kwa miguu. Unahitaji boti, na unahitaji kujua kuogelea. Mkulima wa mwani kwa kawaida hana hata kimoja. Boti zinamilikiwa na wanaume, kwa sababu uvuvi wa boti ni wao na mtaji wa boti hupitia kwao. Na kuogelea? Mtoto wa kiume wa pwani hukulia majini. Dada yake aliyezaliwa hatua hamsini kutoka ufukweni huitwa arudi nyumbani kusaidia jikoni, na akishavunja ungo, kuonekana majini na nguo zimemganda mwilini ni aibu kwa familia. Hakuna aliyekaa akapanga kuupunguza uchumi wa Zanzibar kwa njia hiyo. Ni malezi ya kawaida kabisa. Ila miaka thelathini baadaye malezi hayo yanageuka kuwa tofauti ya bei katika zao linaloingiza fedha za kigeni: aina ghali inaota pale ambapo mkulima hawezi kufika. Serikali ya Zanzibar, chini ya sera yake ya uchumi wa buluu, imegawa boti kwa wakulima wa mwani, na ipo pia miradi inayowafundisha wasichana kuogelea. Kwa macho ya mpita njia, kumfundisha binti kuogelea ni mchezo. Kwa mtu anayeielewa kotonii, hiyo ni sera ya kuuza nje.

Nimeanza na mwani kwa sababu kiungo kati ya ubaguzi na hasara kinaonekana waziwazi. Kwenye ardhi kiungo hicho kimefichika zaidi, na hasara yenyewe ni kubwa zaidi.

Kwa muda mrefu wachumi waliihesabu kaya kama chungu kimoja: kila kinachoingia ni cha wote, na kila kitu huwekwa pale kitakapozaa zaidi. Mwaka 1996 mchumi Christopher Udry alichapisha utafiti kutoka Burkina Faso ulioitikisa dhana hiyo. Huko mume ana mashamba yake na mke ana yake. Udry alilinganisha mashamba ya kaya moja, yaliyopandwa zao lilelile, mwaka uleule. Ya wanawake yalitoa mavuno madogo kwa eneo. Sababu haikuwa uvivu wala ujinga wa kilimo. Samadi na nguvu kazi vilimiminwa kwenye mashamba ya wanaume hadi vikapita kiwango cha kufaa, huku ya wanawake yakibaki na njaa ya mbolea. Kama sehemu ya samadi na kazi ingehamishwa kutoka shamba la mume kwenda la mke, kaya ileile, bila kuongeza hata senti, ingepata mavuno zaidi kwa takriban asilimia 6. Tafakari hilo: familia iliyo maskini inatupa chakula chake yenyewe kwa sababu ya mpangilio wa nani anastahili nini.

Huko Akwapim nchini Ghana, Udry na mwenzake Markus Goldstein waligundua jambo jingine la kuhuzunisha. Udongo wa eneo lile unahitaji kupumzishwa miaka kadhaa kati ya msimu na msimu wa muhogo. Mwenye cheo katika ukoo hupumzisha shamba lake bila wasiwasi, maana hakuna wa kumgusa. Mwanamke asiye na nafasi katika ngazi hiyo anajua kwamba shamba likionekana limelala, linaweza kupewa mtu mwingine. Basi hulima kila mwaka hadi udongo unachoka, na mavuno yanashuka. Anayemwangalia kwa mbali atasema hajui kilimo bora. Anakijua sana. Anachojua pia ni kwamba haki yake juu ya ardhi ile inadumu kwa muda ule tu ambao jembe lake linaonekana pale.

Tanzania hesabu ilishapigwa. Ripoti ya mwaka 2015 ya Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa, iliyohusu Malawi, Tanzania na Uganda, ilionyesha kwamba ukilinganisha mashamba ya ukubwa mmoja katika eneo moja, yale yanayosimamiwa na wanawake Tanzania hutoa mavuno pungufu kwa asilimia 16. Kwa mwaka pengo hilo liliigharimu nchi kama dola milioni 105, na kuliziba kungeweza kuwaondoa kwenye umaskini watu wapatao 80,000. Sababu iliyobeba uzito mkubwa ilikuwa upungufu wa nguvu kazi ya wanaume. Mjane au mwanamke aliyeachwa hana mume wala vijana wakubwa wa kumsaidia kung'oa visiki na kulima kwa wakati, na hela ya kulipa vibarua hana. Mvua hazimsubiri.

Mtu atauliza: si sheria zipo? Zipo, na ni nzuri. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi sawasawa na mwanamume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tatizo ni kwamba wanawake wengi hawaipati ardhi kwa kununua. Wanaipata kupitia ndoa au mirathi, na huko kuna kanuni nyingine. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamweka mtoto wa kike daraja la mwisho katika urithi, na zinamnyima mjane sehemu ya mali ya mumewe akiwa ameacha watoto; kwa mujibu wake, wa kumtunza mama ni watoto wake.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu baada ya kufukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume. Mahakama ilikubali kwamba zinabagua, ila ikasema mila haziwezi kubadilishwa kwa amri ya mahakama. Rufaa yao ilikaa miaka kisha ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Naitaja kesi hii katika makala ya uchumi kwa makusudi. Fundi cherehani aliyefukuzwa nyumbani amepoteza paa, pamoja na chumba cha kushonea, wateja wa mtaa ule, na dhamana ambayo angeipeleka benki. Biashara moja imefungwa, na hakuna ofisi ya takwimu itakayoandika sababu.

Rwanda ilichukua njia tofauti. Sheria ya urithi ya mwaka 1999 iliwapa mabinti haki sawa na ndugu zao wa kiume, kisha kati ya 2009 na 2013 nchi nzima ikapimwa na kusajiliwa, vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, majina ya mume na mke yakiandikwa pamoja. Watafiti waliofuatilia majaribio ya mwanzo ya zoezi hilo waliona watu wakianza kuwekeza zaidi katika kuhifadhi udongo, kujenga matuta na makingamaji, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Hiyo ndiyo sura ya pili ya habari ya Akwapim: mtu akiwa na uhakika wa kesho, huijali ardhi leo. Hata huko kulikuwa na walioachwa. Mwanamke aliyeishi na mwenza bila ndoa ya kisheria mara nyingi jina lake halikuandikwa.

Bila hati, dhamana ni shida, na bila dhamana, mkopo wa benki ni ndoto. Ndiyo maana wanawake wa Afrika Mashariki wamejenga mfumo wao wa fedha: upatu, vikundi vya kuweka na kukopa, Vicoba. Serikali ya Tanzania nayo ilizitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake; mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Katikati ya nafasi hizo wameingia wakopeshaji ambao mtaani huitwa kausha damu, wanaomfuata mama muuza maandazi kwa marejesho ya kila siku au kila wiki hadi anauza godoro. Huo nao ni ushuru wa kutokuwa na hati.

Suala la fedha lina upande wa pili ambao watunga sera huusahau: si kiasi cha fedha tu, ni nani ameishika. Katika soko la Bumala, magharibi mwa Kenya, wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wafanyabiashara wadogo akaunti za akiba zisizolipa riba yoyote, na zenye makato kila unapotoa. Kwa mtazamo wa kawaida, nani angeitaka akaunti ya namna hiyo? Waliitaka akina mama wa sokoni. Walioitumia waliongeza sana mtaji wa biashara zao, na matumizi yao ya kila siku yakapanda. Kwa wanaume waliokuwa wakiendesha bodaboda za baiskeli, hapakuonekana mabadiliko. Fedha iliyo nyumbani ina wenyewe wengi: shemeji mgonjwa, mume mwenye shida ya leo, jirani mwenye msiba. Kwa mwanamke, kukataa ni roho mbaya. Akaunti ilimpa sababu ya kusema hana. Simu ilifanya kazi kama hiyo kwa upana zaidi. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa iliwawezesha wanawake 185,000 nchini Kenya kutoka kwenye kilimo kama kazi yao kuu na kuingia kwenye biashara, na kaya 194,000 zikatoka katika umaskini mkubwa.

Afrika Kusini ilitoa ushahidi mwingine. Miaka ya mwanzo ya 1990 pensheni ya wazee ilipanuliwa kwa Waafrika weusi. Mchumi Esther Duflo aliwapima watoto waliokuwa wakiishi na wazee hao. Pensheni ilipopokelewa na bibi, wajukuu wa kike walinawiri kimwili na kimo. Ilipopokelewa na babu, hapakuonekana tofauti. Fedha ni ileile, nyumba ni ya namna ileile.

Nije kwenye muda, maana hapo ndipo hesabu za taifa zinapokosea zaidi. Kwa kanuni za kimataifa, maji yanayotekwa kisimani na kuni zinazokatwa porini vinapaswa kuingia katika pato la taifa. Kupika ugali kwa maji na kuni hizo hakuingii. Kulea mtoto hakuingii, kumuuguza mzee hakuingii. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya kazi za matunzo zisizo na malipo duniani hufanywa na wanawake. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti. Bomba la maji likikatwa kwenye bajeti, matumizi ya serikali yanaonekana yameshuka. Ukweli ni kwamba gharama imehamishiwa kwenye shingo za wanawake na saa zao.

Katika hili Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwatangulia wachumi wengi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kabla ya hapo hukumu zilipingana, wengine wakiona kupika na kulea ni wajibu tu wa mke usiodai chochote. Inasikitisha kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: mahakama ilisema alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi wa familia akazitapanya. Lakini kanuni aliyoipigania imewafaa maelfu ya waliokuja baada yake.

Na ukimrudishia mwanamke saa zake, uchumi unajibu haraka. Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto mchana. Uwezekano wa kuwa na kazi uliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia. Akina mama wanaolea peke yao waliweza kuhamia kazi za saa chache bila kupunguza kipato. Hakuna semina ya ujasiriamali iliyohitajika. Palihitajika mahali salama pa kumwacha mtoto.

Hadi hapa nimezungumzia mtu mzima aliye kazini leo. Madhara ya muda mrefu yanapitia kwa watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba karibu nusu ya upungufu wa vifo vya watoto duniani kati ya 1970 na 2009 ulitokana na kuongezeka kwa elimu ya wanawake. Mama aliyesoma huitambua homa ya hatari mapema na hana woga wa kumuuliza mganga wa zamu. Kwa hiyo msichana anapotolewa shuleni, hasara inavuka kizazi. Tanzania, kuanzia kauli ya Rais Magufuli ya Juni 2017 hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali hata baada ya kujifungua. Zuio hilo liliondolewa, na lilistahili kuondolewa. Bado Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana anatakiwa afikishe 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alizipinga ibara hizo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi wake Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha sheria, na mwaka huo ukapita bila marekebisho.

Palipo na nia, mambo hubadilika. Vifo vya uzazi Tanzania, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Hayo ni maisha yaliyookolewa, na yangetosha yenyewe kuwa sababu. Kuna faida nyingine pia. Sri Lanka ilipovipunguza vifo vya uzazi kwa kasi kati ya 1946 na 1953, elimu ya wasichana ilipanda kuliko ya wavulana katika wilaya zilizofanikiwa zaidi. Mzazi akiona mabinti wa mtaa hawafi wakijifungua, anaiona ada ya binti yake kama fedha itakayorudi.

Sasa ile nchi niliyoahidi. Korea Kusini ilijenga viwanda vyake vya nguo na vifaa vya elektroniki kwa mikono ya wasichana waliolipwa takriban nusu ya mshahara wa wanaume. Mchumi Stephanie Seguino alizichunguza nchi za aina hiyo kwa miaka ya 1975 hadi 1995 na kukuta kwamba palipokuwa na pengo kubwa la mishahara kati ya wanawake na wanaume, uchumi ulikua haraka zaidi. Bidhaa za bei nafuu ziliuzwa nje, fedha za kigeni zikanunua mitambo. Wanaosema kila aina ya ukosefu wa usawa hudhoofisha ukuaji wanapaswa kuukabili ushahidi huu. Elimu ni jambo tofauti: kumnyima msichana shule kunapunguza ukuaji, na Korea ilihakikisha wasichana hao wamesoma. Kilichobanwa ni mshahara wao.

Ukuaji nao haukulifuta pengo lile wenyewe. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwa takwimu za Marekani za takriban miaka 200 kwamba ushiriki wa wanawake kazini ulishuka viwanda vilipoingia, ukapanda tena baadaye sana, uchumi wa huduma ulipokua. Korea hadi leo ina pengo kubwa kuliko nchi zote za kundi la mataifa tajiri la OECD, karibu asilimia 30. Wanawake wake wamesoma kuliko karibu wote duniani, na kazini wanakutana na saa ndefu, kupandishwa vyeo kwa shida, na nyumba ambayo kazi zake zote ni zao. Wengi wameamua kutoolewa na kutozaa. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilifika watoto 0.72 kwa kila mwanamke, cha chini kuliko nchi yoyote duniani, na hadi wakati huo serikali ilikuwa imetumia mabilioni ya dola bila kukigeuza. Watafiti wengi wanayaunganisha mambo hayo mawili, nami naona wana haki.

Jirani zetu wa Ethiopia walijaribu njia ileile. Eneo la viwanda la Hawassa lilifunguliwa na kuvutia kampuni za nguo za kimataifa, likiajiri wasichana kutoka vijijini kwa mshahara wa kuanzia kama dola 26 kwa mwezi, wa chini kuliko wowote katika sekta hiyo duniani kwa wakati ule. Fedha hiyo haikutosha chumba na chakula. Wasichana waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba, kwa ripoti ya mwaka 2019, viwanda vililazimika katika mwaka wa kwanza kubadilisha karibu wafanyakazi wote. Kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi aliofundishwa, na kila aliyeingia alianza upya kujifunza kushona mshono ulionyooka.